Mchubuko wa Gari la Posa

Naikumbuka Jumatano moja, mwanangu, na sijapata kuikumbuka bila kuudhika. Leo umenipigia simu mara nne tangu asubuhi. Ya kwanza ulitaka namba ya fundi wa rangi. Ya pili ulitaka kujua kama fundi huyo hufanya kazi Ijumaa. Ya tatu ulisema jiwe limekugongea gari na umenitumia picha, na mimi na miwani yangu tukahangaika kutafuta kilichopigwa picha, mpaka binti yangu akaipanua kwa vidole viwili ndipo nikaona: kidoa kwenye mlango wa gari lako jipya la kwendea posa, kidogo kiasi kwamba inzi akitua juu yake hukioni tena. Ya nne sikuipokea. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kwenye simu unanikatiza.

Mnaniita Adeer Rinji, wewe na wenzako wote hapa Garissa. Adeer ni ami na rinji ni rangi kwa Kisomali, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi hadi kustaafu, ambaye hajauza rangi wala kupaka ukuta maishani mwake, aitwe hivyo. Mnaita tu na kucheka. Leo nitakwambia, na ukimaliza kusoma usije ukasema hukuambiwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Chuo cha ualimu nilikuwa sijakiona. Nilikuwa mchuuzi wa mbuzi, nina nywele nyingi na akili haba. Nilitaka kumwoa Sahra, ndiye huyu huyu anayekulisha anjera kila ukija kwangu na kujifanya umeshiba. Baba yake, Hajji Dahir, alikuwa mfugaji wa ngamia pembeni mwa mji wa Wajir, mtu mkimya mwenye macho makali, ambaye akikutazama unaanza kukumbuka makosa uliyokuwa umekwisha kuyasahau.

Unajua yarad, mali ambayo upande wa mwanamume huupelekea upande wa msichana wakati wa posa. Zamani ilikuwa ngamia watupu. Lakini mvua zilikuwa zimekosa kunyesha miaka miwili mfululizo, na Hajji Dahir alisema wazi kwamba kuongezewa ngamia ni kuongezewa taabu, maana hao alionao tayari hana njia ya kuwapelekea maji. Alitaka ngamia wachache na pikapu ya kubebea mapipa. Iwe mpya, alisisitiza, si ile iliyokwisha kuchoka nchi nyingine ikaletwa huku kufia kwetu. Ukoo ukasaidiana, pikapu ikapatikana. Nyeupe, viti vikiwa bado vimevikwa nailoni, na harufu yake ndani ilikuwa ya dukani. Nilikuwa naifuta vumbi kila nikishuka, na nikipanda naifuta tena.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo upumbavu wangu unapoanzia. Mnyama wa yarad hatakiwi kuwa na iin, yaani ila yoyote: jicho bovu, sikio lililokatika, kidonda kisichopona. Ukipeleka mwenye iin unarudishwa naye, na mnarudi nyumbani wawili mkiwa mmeinamisha vichwa. Hayo nililelewa nayo tangu sijajua kufunga kikoi. Basi mimi, mtu mwenye akili timamu, niliyeweza kuhesabu mbuzi na kusoma gazeti, nikaamini kabisa moyoni kwamba gari la yarad nalo ni ngamia.

Baraza la posa lilipangwa Jumatano baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Hajji Dahir. Msemaji wetu alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, Adeer Gedi. Hukuwahi kumwona, na hiyo ni hasara yako. Alikuwa mrefu, mwembamba, sauti yake ya chini kama mtu anayezungumza na mgonjwa, na watu walikuwa wanatoka Modogashe na Mandera kumfuata akawasemee. Ndoa, ugomvi wa visima, damu iliyomwagika kati ya koo mbili, yote alikuwa anaitwa. Hakuwa na mali wala cheo. Alikuwa na neno lake tu, na akishalitoa hakuna aliyeomba shahidi wa pili. Yeye na wazee wengine watatu walitangulia kwa basi siku ya Jumatatu. Mimi nikaondoka Garissa na pikapu Jumanne alfajiri, peke yangu, nikiwa nimenyoosha shati na ninaimba.

Pale Modogashe nilisimama kunywa chai, nikalifuta gari, nikaendelea. Sikuwa nimefika mbali nilipopishana na lori la mbuzi lililokuwa linakuja kwa kasi ya kukimbia deni la mtu. Likarusha jiwe. Nilisikia mlio mmoja tu, kah, upande wangu wa kulia. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikatazama. Juu ya gurudumu la mbele, ubavuni, rangi ilikuwa imebanduka ukubwa wa punje ya mchele. Chini yake chuma kinang'aa.

Mwanangu, nilikaa chini kando ya barabara nikashika kichwa kwa mikono miwili. Dereva wa lori lililofuata alisimama akashuka mbio kuniuliza nimemgonga nani. Nikamwonyesha. Aliinama, akauliza ni wapi, nikamwonyesha tena kwa kidole. Akanitazama kwa huruma, si kwa ajili ya gari, akapanda lori lake akaenda zake. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya kwanza ya kupata akili, nikaiacha ipite.

Nililala Wajir kwa rafiki yangu, na asubuhi ya Jumatano nikawa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua. Fundi Mutiso, mtu wa Kitui, alikuwa na banda lake karibu na soko la mifugo, ananyoosha mabodi ya malori na kuyapaka. Alipoona kilichonileta alicheka kwanza, kisha akaona sicheki. Akaokota njiti ya kiberiti chini akanionyesha ncha yake. Kazi yote hii, alisema, ni ya ncha ya njiti. Unasafisha pale mahali, unachovya ncha kwenye rangi, unadondosha tone moja ndani ya kidonda, unaacha likauke, unadondosha jingine mpaka lilingane na lililo pembeni, mwisho unapitisha vanishi. Lakini rangi lazima iwe ile ile ya kiwandani. Kila gari lina namba ya rangi yake, imeandikwa kwenye kibati chini ya boneti. Angetuma namba hiyo Nairobi, na kikopo kingefika na basi la Jumamosi.

Jumamosi. Mimi baraza langu ni leo alasiri.

Nikamwambia rangi nyeupe anayo, naiona pale rafuni, apulize tuachane. Akasema weupe si mmoja. Na mimi, kwa Kiswahili changu cha sokoni cha siku zile, nikamjibu: "Nyeube ni nyeube, fundi. Biga tu."

Kila nikikumbuka maneno hayo nataka kujizaba kofi. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nyumbani kwetu ngamia mweupe kama maziwa ana jina lake, mwenye weupe wa mchanga ana lake, na mweupe anayeelekea wekundu ana lake, na mtoto wa miaka saba akiyachanganya anachekwa mpaka alie. Leo namfundisha mtu wa Kitui kwamba nyeupe ni nyeupe.

Mutiso alikataa. Alisema kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, gari hii ni ya kubeba maji. Kesho mapipa yataigonga, na huyo mzee hata hatauliza. Wacha hivyo. Mimi nikipuliza hapa na hii jua na hii vumbi, jioni utarudi kunitusi." Nilimwona mvivu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua mkebe wa rangi nyeupe ya kupuliza, msasa, thina ya kuyeyushia rangi na gazeti. Muuzaji aliniuliza napaka mlango wa bati au dirisha. Nikamwambia asiniulize mambo yangu.

Nikaegesha nyuma ya ukuta wa rafiki yangu nikaanza kazi. Nilianza na msasa. Nilitaka tu kulainisha ukingo wa ile punje ya mchele, lakini msasa ulikuwa ule mkavu wa kusugulia mbao, na mkono wangu ulikuwa na haraka. Punje ikawa shilingi. Pembeni mwa shilingi pakabaki mikwaruzo, nikaisugua nayo, shilingi ikawa kisahani cha chai. Nikabandika gazeti kuzunguka, nikapuliza. Upepo wa Wajir ukapuliza nao. Nusu ya rangi ikaenda kwenye gazeti, nusu ikaja kwenye shati, na iliyobaki ikachuruzika kuelekea gurudumu kama machozi ya mtoto. Nikaifuta kwa thina. Thina ikafuta rangi yangu na rangi ya kiwandani iliyokuwa nzima kabisa, haijanikosea lolote. Nikachukua msasa tena.

Usicheke. Unafikiri kwa nini nakuandikia?

Kufika adhuhuri kile kisahani kilikuwa sinia. Chuma kitupu, kipana, kinanitazama. Nikapuliza mkebe wote mpaka ukabaki kutoa hewa, nikarudi nyuma hatua kumi nikakodoa macho. Jua lilikuwa utosini, kila kitu kinameremeta, na wallahi sikuona tofauti. Nyeupe ilikuwa nyeupe. Nikajiona fundi kuliko mafundi, nikaenda kuoga, nikavaa kanzu, nikajipaka manukato mengi kidogo ili yafunike harufu ya thina.

Alasiri nilimkuta Adeer Gedi ananisubiri nje ya boma la Hajji Dahir, wazee wenzake wakiwa wamekwisha kuingia. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku moja: kabla ya kumsemea mtu alimsimamisha mlangoni, wawili tu, akamuuliza swali moja. Alinishika bega akaniuliza, "Adeer, kuna jambo lolote juu ya mali hii ambalo mimi silijui?"

Wewe mwenyewe wajua, sisi ami na mtoto wa ndugu yake tunaitana kwa neno hilo hilo moja, adeer kwa adeer, kana kwamba kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake. Aliniita hivyo akinitazama usoni. Nilikuwa na pumzi moja tu ya kusema: liko jiwe, liko msasa, niko mimi mjinga. Angecheka. Nilimjua, angecheka mpaka bakora imdondoke, kisha angeingia ndani awachekeshe na wao, na mambo yangeishia kwenye chai.

Nikasema, "Hapana, adeer."

Akaniamini. Tukaingia. Mikeka ilikuwa imetandikwa kivulini mwa turubai, wanaume kama ishirini wameketi, chai ya maziwa ya ngamia inapitishwa, na ile pikapu nimeiegesha mbele yao wote kwa majivuno yangu mwenyewe. Adeer Gedi alisimama akazungumza, na siwezi kukurudishia alivyozungumza. Alitaja watu wetu na watu wao, ukame tuliopita pamoja, visima tulivyochimba pamoja. Mwisho akanyoosha mkono kuelekea gari akasema, "Tumeleta mali isiyo na iin. Mnachokiona ndicho kilichopo. Neno langu liko juu yake." Wazee wakaitikia. Niliona kitambaa cha Sahra kikipita nyuma ya dirisha, na nikadhani mambo yamekwisha.

Hajji Dahir akainuka kuitazama mali yake. Aliizunguka taratibu kama anavyozungukwa ngamia sokoni, mkono mmoja mgongoni na mwingine ukipita juu ya ngozi. Alipita nyuma, akapita upande wa kushoto, akapita mbele. Na jua, mwanangu, halikuwa tena utosini. Lilikuwa limeshuka, mwanga unakuja kwa ubavu, na hapo nikaona kitu ambacho adhuhuri sikukiona: juu ya gurudumu la mbele la kulia palikuwa na weupe mwingine kabisa, wa manjano kidogo, mkubwa, una ukingo kama ramani ya nchi. Kila aliyekaa pale alikuwa anauona. Kwa adabu walikuwa wanajifanya wanakunywa chai.

Mkono wa Hajji Dahir ukafika pale ukasimama. Vumbi la Wajir lilikuwa limeganda ndani ya rangi, lazima palimkwaruza kiganja. Akainama akanusa. Akaweka ukucha wa kidole gumba akakwangua, na rangi ambayo ilikuwa haijakauka ikajikunja chini ya ukucha wake kama maganda.  Kisha hakunitazama mimi, alimtazama Adeer Gedi.

"Gedi," akasema, "hapa palikuwa na chapa ya nani?"

Labda wewe uliyekulia mjini hulielewi swali hilo. Ngamia hupigwa chapa ya moto ya ukoo wake, shavuni au shingoni au pajani. Mtu akiiba ngamia jambo la kwanza analofanya ni kuifuta ile chapa: anaichoma upya, au anaipaka dawa na matope mpaka isisomeke. Kwa hiyo mfugaji akikuta ubavuni mwa mnyama mahali palipofichwa hivi karibuni, haulizi kama mnyama aliumia. Anauliza ameibwa wapi. Na Hajji Dahir alikuwa anajua magari ya wizi huletwa huku yakiwa yamepakwa, jina la kampuni au la shirika likiwa chini ya rangi mpya. Mimi nilikuwa nimehangaika mchana kutwa kuficha punje ya mchele nisionekane nimeleta mali yenye ila, na nikaleta mali inayoonekana ya wizi.

Adeer Gedi aligeuka kunitazama. Nikaanza kueleza. Jiwe, nikasema. Lori la mbuzi. Dogo tu, ukubwa wa punje ya mchele. Mzee mmoja wa upande wao akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, hiyo punje iko wapi tuione. Sikuwa nayo. Niliisugua mwenyewe kwa msasa asubuhi ile. Kitu pekee duniani ambacho kingenitetea, ule mchubuko wenyewe, nilikuwa nimekimaliza kwa mikono yangu. Kijitabu cha umiliki kilikuwa bado hakijatoka ofisini, na barua ya muuzaji nilikuwa nimeiacha Garissa kwa sababu niliona itakunjika mfukoni. Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyofanana na mwizi.

Hajji Dahir hakunitukana. Alisema tu kwamba hawezi kupokea kitu asichojua kimetoka wapi, wala hawezi kumtoa binti yake juu ya kitu hicho, na baraza lisimame mpaka karatasi zije. Na mimi, huwezi kuamini, nilikuwa bado nafikiria Sahra, nafikiria aibu yangu, nafikiria shati langu lililoingia rangi. Ndipo Adeer Gedi akasimama tena. Aliegemea bakora yake akasema, "Nimesema nisichokijua. Neno langu nalirudisha." Hajji Dahir mwenyewe akamshika mkono kumzuia, akamwambia kosa si lako. Lakini alikwisha kuvaa viatu.

Barua ya muuzaji ilifika na basi wiki iliyofuata. Mkaguzi wa magari akalitazama lile gari, akasoma namba zake, akaandika kwamba ni halali na ni jipya. Fundi Mutiso alikuja akatoa ushahidi wake kuhusu punje ya mchele, huku akinitazama kwa namna ambayo ilinistahili. Akaondoa uchafu wangu wote akapaka upande mzima upya kwa rangi yenye namba sawa, na kazi ambayo ingekuwa ya ncha ya njiti ikamchukua siku tatu. Sahra aliniletea ujumbe kwa dada yake kwamba angeolewa hata kwa gari lisilo na milango, ila sasa anataka kujua ninaficha nini kingine. Baada ya mvua za kwanza tukaoana. Hajji Dahir ndiye aliyeniita Rinji siku ya harusi, mbele ya watu wote, akicheka mpaka akakohoa, na jina likanishika. Pikapu ilibeba maji mpaka ikazeeka, imegongwa na mapipa pande zote, na sikuwahi kumsikia akiulizia doa hata moja.

Ungedhani hadithi imekwisha vizuri. Na mimi nilidhani hivyo kwa miaka kadhaa.

Siku ya harusi yangu alizungumza mzee mwingine. Adeer Gedi alikuja, akakaa nyuma kabisa pamoja na wageni wa kawaida, akala, akaniombea dua, akaenda. Nikadhani amechoka. Kisha watu wakaja kumwomba akasemee ndoa ya binti fulani, akakataa. Wakaja wa kisima, akakataa. Ikatokea ugomvi wa malisho kule upande wa Modogashe, vijana wawili wakaumizwa vibaya, na pande zote mbili zikamtaka yeye na si mwingine. Akawaambia watafute mtu, kwa kuwa yeye aliwahi kuapa juu ya rangi mbichi. Ugomvi ule ulichukua karibu mwaka kwisha, na watu waliojua walikuwa wanasema angeumaliza kwa vikao viwili.

Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa tayari nina watoto wawili. Nikamwomba msamaha, jambo ambalo nilipaswa kulifanya pale pale mlangoni kwa Hajji Dahir. Alinisikiliza, akanimiminia chai.

"Nilikusamehe kabla hatujatoka Wajir," aliniambia. "Tatizo si wewe. Tatizo ni kwamba tangu siku ile, nikitaka kutoa neno, nageuka kwanza kutazama aliyesimama nyuma yangu. Na mtu anayegeuka nyuma hawezi kuwasemea watu."

Alifariki miaka mitatu baadaye, na hakuwa amesema neno barazani tena. Hilo nililifanya mimi, mwanangu, kwa mkebe mmoja wa rangi na neno "hapana." Sijui kama Mwenyezi Mungu huwa anamuuliza mtu kuhusu sauti ya mtu mwingine aliyoizima. Nadhani atauliza.

Kwa hiyo usinitumie picha nyingine. Jumapili mimi ndiye ninayekwenda kwa kina Fartun, mchumba wako, kukusemea, na sina hata robo ya ulimi wa Adeer Gedi, ninachoweza ni kusema nilichokiona. Acha mlango huo kama ulivyo. Usiusugue, usiupake, usimpe fundi wa haraka, na usiweke kibandiko juu yake, maana najua hilo nalo limekupitia kichwani. Tukifika, mimi mwenyewe nitawaonyesha wazee hicho kidoa kabla hawajakaa, niwaambie jiwe lililigonga gari la kijana wetu njiani, watacheka, watatuletea chai. Jumatatu nitakupa namba ya fundi, mwenye subira na njiti ya kiberiti, na utampa namba ya rangi iliyo chini ya boneti yako na kumwacha achukue siku anazotaka. Na si gari tu. Ukiwa na deni, ukiwa na ugonjwa, ukiwa na ahadi uliyompa msichana mwingine huko Nairobi, niambie sasa. Jambo lolote ukiniambia mapema nitalibeba mgongoni. Lakini ukiniacha nilisimamie bila kulijua, hutakuwa umejificha wewe, utakuwa umenitoa mimi mbele za watu nikiwa uchi, na mimi nimeona mzee akitolewa hivyo na sitaki kuliona tena hata kwa mtu ninayemchukia.

Nitakuuliza Jumapili pale mlangoni. Mara moja tu. Nijibu ukweli hata kama utakuchoma.

Mungu aibariki posa yako, mwanangu, na akupe mke wa kukuvumilia kama nilivyovumiliwa mimi. Akufungulie njia zako zote, zenye mawe na zisizo na mawe. Na siku utakapokuwa mzee, na kijana wako akaja umsemee, akujalie useme maneno yako yote ukiwa unatazama mbele. Amin.